Swali la Kumi na Tisa

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo kisha nikalitazama kidogo kabla ya kuendelea, maana tangu Jumatano sijamwamkia mtu yeyote. Huko nyumbani mnaendeleaje? Mgongo wa Mama unasemaje na baridi hii ninayoisikia kwenye taarifa za hali ya hewa? Shemeji kile kikohozi kimemwachia? Na wapwa zangu, bado wanagombania kiti cha dirishani au wameshakua wakaona aibu? Mimi kwa upande wa mwili sijambo. Nakula, nalala, nguo nafua mwenyewe kila Jumamosi. Upande mwingine nitaueleza huko mbele.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo, na nakujua, utasema huyu mtoto ana lake jambo. Kweli ninalo. Lakini nikipiga simu Mama anasema weka sauti kubwa tusikie wote, basi nasalimia watu saba, jirani akiwemo, na kila mmoja anataka kujua kama nimenenepa. Ninalotaka kukuambia siwezi kulisema jirani akisikiliza. Isome peke yako, kisha uamue mwenyewe Mama aambiwe kiasi gani.

Chumba changu kiko ghorofa ya tatu, juu ya zahanati ninayofanyia kazi. Kina kitanda, meza, birika la umeme, na dirisha linalotazama hosteli ya wageni ng'ambo ya uwanja. Jioni nawasikia wakicheka sebuleni kwao. Sijawahi kualikwa, na siwalaumu. Wanaonijua, wananijua kwa matumbo yao.

Nikueleze, maana kwenye simu nilisema tu kwamba mimi ni karani wa afya, na Mama akafurahi akafikiri navaa koti jeupe. Wageni hawa huja kusoma kozi za miezi mitatu mitatu, wanatoka nchi ambazo nyingine nilikuwa nazijua kwenye ramani tu. Karibu nusu yao huugua tumbo kabla hawajamaliza wiki mbili. Anayeugua huvuka uwanja, mara nyingi kwa mwendo wa haraka, akafikia kwangu kabla ya kumwona Daktari. Namkalisha, nachukua fomu, nauliza: umefika lini, una umri gani, umeanza kuharisha lini, mara ngapi kwa siku, kuna damu, kuna homa, umekula wapi, umekunywa nini, tunda ulilimenya mwenyewe au ulimenyewa. Hilo la mara ngapi ndilo linalowashinda watu wazima na shahada zao. Mwalimu mmoja alinionyesha kwa vidole chini ya meza ili mwenzake asione. Mwingine alisema anaharisha kiasi tu. Nilipomwambia kwa adabu kwamba fomu haina nafasi ya kiasi, alinikazia macho akasema basi andika kumi na moja, umeridhika? Ndiyo maana hosteli nzima wananiita Bwana Mara Ngapi. Wakinikuta dukani wananipisha kwenye foleni, kisha wanageuza nyuso zao. Hakuna anayependa kunywa chai na mtu anayejua idadi yake.

Daktari wetu ni mama mkimya, husoma kila fomu akiwa na kalamu mkononi. Siku yangu ya kwanza alinieleza kwamba watu husingizia mabadiliko ya hewa, au pilipili, au uchovu wa ndege, lakini mara nyingi ni vijidudu, bakteria hasa, vinavyoingia na chakula au maji yaliyochafuliwa na kinyesi, hata kwa kiasi kisichoonekana. Mara nyingine ni virusi, na mara chache ni vile vimelea vinavyokaa tumboni wiki nyingi bila haraka. Mgeni hupata shida kuliko mwenyeji kwa sababu mwili wake haujawahi kukutana navyo. Vijana huugua zaidi kwa kuwa hawawezi kupita mahali bila kuonja. Na wale wanaomeza vidonge vya kiungulia wako hatarini zaidi, maana asidi ya tumbo ni mlinzi wa mlangoni, na vidonge vile humpa mlinzi likizo. Nilipenda sana jinsi alivyoeleza. Nilitaka siku moja aniamini.

Hata mimi wiki yangu ya kwanza niliugua. Nilijijazia fomu mwenyewe, nikajiuliza mara ngapi, nikajibu. Usicheke. Hapakuwa na mtu mwingine wa kuniuliza, ila mmoja tu, mpishi wa hosteli. Alisikia kwamba karani mpya hajashuka siku mbili, akapanda ngazi zote zile na mwili wake mzito, akanikoroga maji ya pakiti, yale ya chumvi na sukari, akakaa kwenye ukingo wa kitanda mpaka nikayamaliza. Akaniambia nikifa asingejua awaandikie nani, kwa hiyo nisimsumbue.

Huyo ndiye ninayetaka umjue. Wageni wanamwita Mama Moto, kwa sababu chakula kisichotoa mvuke hakitoki jikoni kwake. Kuna mgeni aliwahi kumwomba supu ya vuguvugu, akamjibu kwamba vuguvugu ni maji ya kuogea. Ana ubao wa nyama na ubao wa mboga, na ukigusa mmoja kwa kisu cha mwingine utasikia habari zako. Majani ya saladi huyaosha kwa maji ya kwenye chujio la jikoni, tena mara tatu. Ana miaka kumi na minne katika jiko lile. Kila siku saa saba alinipigia kelele dirishani, wewe Mara Ngapi, njoo ule, au unasubiri fomu? Nilikuwa nakula kwenye kona ya meza yake ya kazi huku akinisimulia wajukuu zake. Miezi mitano, Dada, ile ndiyo nusu saa pekee ya siku niliyokuwa naitwa mwanangu.

Mwezi uliopita walikuja wageni wapya arobaini na wawili, na joto likaja pamoja nao. Wakaanza kuugua. Mwanzoni hatukushtuka, lakini wiki ya tatu nilikuwa na fomu thelathini na moja, na hata waliokwisha kupona walikuwa wanarudi. Maabara ilikuta bakteria wa kinyesi, ila haikuweza kusema wameingia na kitu gani. Jumatatu iliyopita aliletwa mhandisi mmoja mwenye mvi, mtu wa vidonge vya kiungulia, akiwa amekaukiwa maji hata midomo imepasuka. Akawekewa dripu. Wafadhili wa kozi wakaanza kupiga simu kila asubuhi.

Jumatano tukaitwa ofisini kwa Daktari. Tulikuwa wanne: yeye, msimamizi wa hosteli, Mama Moto akiwa bado na aproni, na mimi wa kuandika kumbukumbu za kikao. Daktari alifungua fomu zangu, zimepangwa kwa tarehe, akaeleza polepole. Wagonjwa wote thelathini na mmoja walisema wanakunywa maji ya chupa iliyofungwa, kwa hiyo maji yameondoka kwenye orodha. Kinachobaki ni chakula. Wote wanakula jiko moja, na ishirini na wanne walikula mboga mbichi. Hakusema kwamba mtu ni mchafu. Alisema tu namba zinaelekea jikoni.

Msimamizi akadakia kwamba wafadhili lazima waambiwe hatua imechukuliwa. Mama Moto akauliza ni hatua gani hiyo, au hatua ni yeye? Akanyoosha mikono juu ya meza, akasema mikono hii mmeipima, mlikuta nini? Daktari alikiri kwamba hawakukuta kitu, ila akasema vijidudu huweza kuwapo leo na kesho visiwepo. Ikaamuliwa Mama Moto akae nyumbani, chakula kiletwe kutoka nje, na Jumatatu, yaani kesho, saa tatu asubuhi, kikao kikutane tena kumwachisha kazi rasmi.

Kabla ya kufunga, Daktari alinigeukia. Akaniuliza kama katika kuzungumza na watu hawa wote kuna chochote wanachokula au kunywa ambacho fomu haikukiuliza. Sijafungua kinywa, Mama Moto akasema haya, muulizeni huyo, huyo hata nukta haimpiti, akisema hakuna basi hakuna.

Nikasema hakuna.

Alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiacha juu ya kiti. Akipita nyuma yangu akaniambia sahani yangu ameifunika jikoni, niile kabla haijapoa. Sikuila. Nilirudi kwenye meza yangu nikaandika kumbukumbu za kikao kwa mwandiko mzuri, pamoja na jibu langu.

Dada, sasa naomba uvumilie, maana hapa ndipo nilipokuwa naogopa kufika.

Fomu niliyoikuta nilipoanza kazi ilikuwa na maswali kumi na tisa. Kumi na manane yalitosha ukurasa mmoja, na la kumi na tisa lilimwagikia ukurasa wa pili, peke yake. Ukurasa ule wa pili ulikuwa unapotea kila wakati, unachomoka, unabandikwa kwa mgonjwa mwingine. Unajua nilivyo. Kitu kisichokaa sawa kinanisumbua usingizini. Basi mwezi wangu wa pili niliichapa fomu upya, nikabana nafasi, nikapunguza maandishi, lakini swali lile moja likakataa kuingia. Lilikuwa linauliza: Je, unatumia barafu, na inatoka wapi? Nikajiambia barafu ni maji tu, na maji nimeshayauliza kwenye swali la tisa. Nikaliondoa.

Daktari aliniuliza nimebadilisha nini, nikamjibu nimebana nafasi. Akaweka sahihi bila kuhesabu. Akasema hatimaye amepata karani. Nilitembea na sentensi hiyo wiki nzima.

Na sasa sikia lililo baya zaidi. Jumatano pale kikaoni sikuwa nimesahau. Nilikuwa najua tangu Jumanne. Nilikwenda kumjazia fomu yule mhandisi kitandani, akanieleza kwamba amesafiri miaka thelathini na haamini bomba la mtu. Chupa anaifungua mwenyewe, hata meno anapiga mswaki kwa maji ya chupa. Nikamsifu. Akasema kisha anayamimina kwenye glasi iliyojaa barafu ya pale sebuleni, maana joto la hapa halina adabu. Nikamuuliza mbona hilo hakulisema nilipomuuliza habari za maji. Alicheka kidogo, midomo ikamuuma, akasema kijana, hukuniuliza. Naye alidhani kama wengi wanavyodhani, kwamba kuganda kunaua vijidudu. Haviui. Vingi vinalala tu, vikingoja glasi.

Alasiri ile nilivuka uwanja nikaingia sebuleni kwao kwa mara ya kwanza, wote wakiwa darasani. Kuna friji kubwa ambayo msimamizi aliinunua mwezi ule ule wageni walipofika, ndani yake trei kumi na mbili za barafu. Huzijaza mwenyewe kila asubuhi akipiga mluzi, anaiita huduma kwa wageni, na huzijaza kwenye bomba la korido. Bomba lile halipiti kwenye chujio. Chujio liko jikoni tu, kwa Mama Moto.

Kwa hiyo nilipoulizwa mbele ya wote, nilikuwa na jibu zima kichwani, na trei nimeshazihesabu. Nikasema hakuna. Muda wangu wa majaribio unaisha mwisho wa mwezi huu. Kibali changu cha kukaa hapa kimefungwa kwenye kazi hii. Nilimfikiria Mama na jinsi alivyotangaza mtaa mzima. Lakini nikiwa mkweli kabisa, Dada, vitu hivyo nilivifikiria baadaye. Pale pale niliogopa kitu kidogo zaidi. Niliogopa kumwona Daktari akiinua macho kutoka kwenye fomu yangu nzuri na kusema, nilikuuliza ulibadilisha nini.

Alhamisi na Ijumaa niliwasimamisha wagonjwa kumi na mmoja kwenye ngazi, nikawauliza habari za barafu kama mtu anayepiga soga tu. Kumi walisema ndiyo. Wa kumi na moja aliniuliza kama hii nayo inaingia kwenye fomu. Jana asubuhi wakaja wawili wapya wanaharisha, na chakula cha Mama Moto hawajakigusa siku tatu. Msimamizi akasema hao wanamalizia vya zamani.

Jana hiyo mchana niliingia sebuleni nikachomoa waya wa friji. Nilidhani nimepata njia ya kutengeneza bila kusema. Saa kumi msimamizi akaja ofisini kwangu amekasirika, kwamba kuna mtu asiye na akili anazima friji, na akaniomba nimchapie tangazo. Nikalichapa, Dada. TAFADHALI USIZIME FRIJI HII. Nikaliweka katikati ya ukurasa, nikaangalia kama pembe za kushoto na kulia ziko sawa.

Nadhani ni tangazo lile lililonimaliza. Usiku sikulala vizuri, na leo Jumapili asubuhi nikaenda kwa Mama Moto. Anakaa vyumba viwili nyuma ya gereji. Nilimkuta mlangoni anakamua nguo. Alinitazama akasema umekonda, nani anakulisha? Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kuanzia swali la kumi na tisa mpaka tangazo. Nilisema haraka nikiogopa kusita. Alikamua shati moja kwa muda mrefu sana, mpaka likawa halina tone. Kisha akaniambia mwanangu, mimi nilikuwa najua kwamba sikukosea, kwa hiyo hujaja kuniambia kitu. Nenda kawaambie wasiojua.

Aliingia ndani akafunga mlango. Hakuufunga kwa kishindo. Afadhali angeubamiza. Nimekwenda pale mara nyingi, na sijawahi kuondoka bila kuambiwa nipite ndani.

Daktari yuko safarini, anarudi kesho asubuhi moja kwa moja kikaoni. Nilipotoka kwa Mama Moto nilikwenda hosteli nikatoa trei zote kumi na mbili mbele ya wageni waliokuwa wanacheza karata, nikawaambia wasiguse barafu tena mpaka watakapoambiwa. Mmoja akauliza kwa nini, Bwana Mara Ngapi? Nikasema ndiyo inayowaumiza matumbo. Halafu yule mwalimu wa vidole akasukuma glasi yake mbali kwa kidole kimoja. Trei ziko hapa chini ya meza yangu, zimepinduliwa, zinachuruzika kwenye beseni wakati nakuandikia. Kesho nitaingia nazo kikaoni kwenye mfuko, pamoja na fomu ya zamani ambayo nimeikuta kabatini, yenye kurasa mbili.

Sijui watanifanya nini. Daktari anaweza kunisamehe kosa la fomu, lakini sidhani kama atasamehe lile neno hakuna, na nisingependa umwambie Mama kwamba huenda akasamehe. Nikirudishwa nyumbani, mtaa utasema niliiba au nilileta mambo ya wanawake. Waache waseme, ila wewe ujue ni barafu. Ninachotaka ni kimoja tu, jina la mama yule lisiandikwe kesho kwenye kumbukumbu nitakazoandika mimi.

Nisalimie Shemeji, mwambie kikohozi hakiponi kwa kuvumilia. Wapwa zangu wabusu wote kwa usawa, na Mama mwambie nimenenepa. Jirani naye mpe salamu, lakini si barua.

Kesho nitashuka kwenda kwenye sanduku la posta saa mbili na nusu, na kikao ni saa tatu. Barua hii nitaidumbukiza kwanza. Wewe ndiye mtu ninayeogopa kumdanganya kuliko Daktari, na ikishatoka mkononi mwangu sitakuwa tena na mahali pa kurudi nikaseme hakuna.

Mimi mdogo wako, ninayeogopa na ninayekwenda.